Kile Ambacho Bunduki Haikurithi: Kipimo cha Mvuto wa Upinde katika Lugha na Historia ya Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Historia ya silaha za jadi za Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya vitu. Wataalamu wameeleza umbo la upinde, namna upote ulivyofungwa, aina za chembe na mapambo ya podo. Friedrich Ratzel, katika uchunguzi wake maarufu kuhusu pinde za Afrika uliochapishwa mwaka 1891, aliupanga mkusanyo mkubwa wa makumbusho kwa kufuata maumbo na maeneo, na wengi waliomfuata walishika njia hiyo. Swali moja halikupewa uzito unaostahili: mtu aliyeushika upinde aliuvuta kwa kiasi gani, alisimamaje, na alijuaje kwamba amefika mahali pa kuuachilia?

Mhadhara huu unalichukua swali hilo na kulipeleka katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mahali ambapo makundi mawili ya lugha za Kibantu yanakutana chini ya mwavuli wa Kiswahili. Hoja kuu ni hii: kipimo sahihi cha mvuto hakimo katika upinde peke yake, bali kimo katika uhusiano wa upinde na mwili wa mpigaji. Kwa sababu hiyo, bunduki ilipoingia ilirithi maneno ya kulenga na kupiga, lakini haikuweza kurithi maneno ya kuvuta. Sehemu ya msamiati iliyo hatarini zaidi ndiyo ile iliyobeba ujuzi wa mwili.

2.0 Mahali na lugha zake

Ngara ni nchi ya vilima inayopakana na Burundi na Rwanda. Mto Ruvubu unaingia katika mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na vilima vya Bugufi vimekuwa makazi ya Wahangaza kwa muda mrefu. Bugufi ilikuwa na uhusiano wa kihistoria na ufalme wa Burundi, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilibaki upande wa Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza. Kuelekea mashariki ardhi inashuka na kuingia katika mapori ya Biharamulo, nchi ya wanyama wengi na ya mbung'o.

Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kishubi na Kihangaza vimewekwa katika kundi la D60, kwa namba D64 na D65, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kizinza, kinachosemwa upande wa Biharamulo na pwani ya ziwa, kimewekwa katika kundi la E20 pamoja na Kihaya na Kinyambo. Wanaisimu wa baadaye waliyakusanya makundi haya katika ukanda mmoja walioupa herufi J, kwa kutambua ukaribu wa lugha za eneo la Maziwa Makuu.

Eneo hili halikuwa kisiwa. Katikati ya karne ya 19 njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe ilipita katika nchi ya Rusubi, ambayo wageni waliiita Usui. Speke na Grant walipopita huko mwaka 1861 walizuiliwa na kutozwa hongo na mtawala Suwarora. Njia hiyohiyo iliyopitisha nguo na shanga ilipitisha pia bunduki na Kiswahili. Vitu hivi viwili, bunduki na Kiswahili, ndivyo vilivyokuja kubadili maisha ya maneno ya upinde.

3.0 Majina ya upinde

Kiswahili kina majina mawili ya silaha hii: uta na upinde. Uta, ambalo wingi wake ni mata, ndilo kongwe. Linatokana na mzizi wa Kibantu cha kale uliobaki katika Kihaya na Kinyankore kwa umbo la obuta. Wataalamu wengi wamehusisha mzizi huo na neno vita. Upinde ni jina la tendo: ni kitu kilichopindwa. Maana yake imetanuka hata kufikia upinde wa mvua, ilhali uta limebaki kuwa silaha tu.

Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo karibu sana na Kihangaza, upinde ni umuheto na mshale ni umwambi. Kwa sikio la Mswahili neno umuheto ni geni kabisa, lakini ugeni huo ni wa juujuu. Sauti p ya Kibantu cha kale imegeuka kuwa h katika lugha hizo. Kupa ni guha, na kupita ni guhita. Kwa kanuni hiyohiyo, kitenzi guheta, yaani kupinda, kinalingana na kitenzi -peta cha Kiswahili chenye maana ya kupinda au kuzungusha, ambacho leo kinajulikana zaidi kupitia mzao wake, pete. Baada ya sauti ya puani p haikubadilika, ndiyo maana pete katika Kinyarwanda ni impeta. Hivyo umuheto ni kitu kilichopindwa, sawasawa na upinde. Lugha mbili zilizotenganishwa na mamia ya kilomita zilifuata njia moja ya fikra, kila moja kwa mzizi wake.

Jambo hili lina maana kwa mwanahistoria. Upinde haukuitwa kwa mti uliotumika wala kwa umbo lake ukiwa umelazwa ukutani. Umeitwa kwa kile ambacho mtu huufanyia. Kirundi na Kinyarwanda vina pia kitenzi mahususi cha kuuvuta, gufora, ambacho ni tofauti na kurasa, yaani kupiga kwa mshale. Kuvuta na kupiga vilionekana kuwa matendo mawili, na kila tendo lilistahili jina lake.

Neno hilohilo liliingia hata katika siasa. Catherine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kinyaga, kusini-magharibi mwa Rwanda, ameeleza uhusiano wa ubwana na uteja ulioitwa umuheto, ambapo ukoo ulimpa mkubwa mifugo ili upate ulinzi wake. Kitu kinachopindwa na mkono kilikuwa kimekuwa jina la mamlaka.

4.0 Kipimo kilichomo mwilini

Urefu wa mvuto ni umbali kutoka mkono ulioshika upinde hadi mahali upote unapofikishwa kabla ya kuachiliwa. Walimu wa mchezo huu leo wana kanuni nyepesi ya kuukadiria: mtu hunyoosha mikono yote miwili pembeni, umbali kati ya ncha za vidole vya kati hupimwa, kisha hugawanywa kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata mvuto wa sentimita 68.

Kanuni hii inaonekana ya kisasa, lakini kila mjuzi wa vipimo vya Waswahili atatambua kwamba umbali unaopimwa ni pima. Katika hesabu ya jadi, pima moja ni mikono minne, na mkono mmoja ni shibiri mbili. Pima ikigawanywa kwa 2.5, kinachopatikana ni mkono mmoja na sehemu sita za kumi za mkono mwingine. Kwa maneno mengine, ni mkono mmoja, shibiri moja, na upana wa vidole viwili. Kwa mtu wa sentimita 170, mkono ni kama sentimita 42.5, shibiri ni kama 21, na vidole viwili ni kama 4. Jumla yake ni karibu na 68 ileile. Mtu mfupi akijipima kwa mkono wake na shibiri yake atapata mvuto wake, na mrefu naye vilevile. Hakuna haja ya utepe, na hakuna haja ya namba, kwa kuwa kipimo kinakua pamoja na anayepimwa.

Vipimo vya mwili vilibezwa katika zama za metriki kwa sababu mkono wa muuzaji haulingani na wa mnunuzi. Lawama hiyo ni ya haki sokoni. Kwa upinde, hata hivyo, kutolingana huko ndiko kunakotakiwa. Mtu mwenye pima ya sentimita 150 ana mvuto wa sentimita 60, na mwenye pima ya 190 ana mvuto wa 76. Tofauti ni sentimita 16. Kadiri upinde unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Upinde wa nguvu ya wastani huongeza takriban kilo moja kwa kila sentimita 2.5. Upinde mmoja basi, ukipita kutoka mkono wa mtu mrefu kwenda wa mtu mfupi, hupungukiwa na takriban kilo sita za ukali. Tena mshale hupoteza mara mbili, kwa kuwa unasukumwa kwa nguvu ndogo zaidi na katika umbali mfupi zaidi. Upinde wa baba si lazima uwe upinde wa mwana.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Katika upinde wa mti mmoja, upande unaomtazama mpigaji hubanwa na upande wa nje hunyooshwa. Ukivutwa kupita kiasi cha mti, upande wa ndani hufanya mikunjo isiyoponyeka, au wa nje hupasuka. Mshale nao ukiwa mfupi kuliko mvuto, chembe huvutwa hadi nyuma ya mkono ulioshika upinde, na mpigaji akiachilia anaweza kujichoma mwenyewe. Ndiyo sababu mshale hukatwa kwa kuzidisha sentimita chache juu ya mvuto wa mwenyewe.

Hapa mwanahistoria anapata ushahidi ambao upinde hauwezi kumpa. Upinde uliotundikwa katika makumbusho hausemi ulivutwa hadi wapi, bali mshale hutaja kikomo. Merikebu ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 130 na maelfu ya mishale. Ni urefu wa mishale hiyo, mingi ikikaribia sentimita 76, uliowawezesha watafiti kukadiria jinsi pinde hizo zilivyovutwa. Mishale ya Maziwa Makuu iliyomo katika makumbusho inastahili kusomwa vivyo hivyo, kama kumbukumbu ya miili ya watu walioikata.

5.0 Mkao

Kipimo cha mvuto hakina maana bila mkao, kwa kuwa mwili usiosimama vizuri hutoa kipimo cha uongo. Roger Ascham, mwandishi wa Kiingereza wa kitabu Toxophilus cha mwaka 1545, aliugawa upigaji katika mambo matano: kusimama, kupachika mshale, kuvuta, kushikilia na kuachilia. Karibu karne mbili kabla yake, Taybugha, mwandishi wa dola ya Mamluki, alitunga mafunzo marefu ya upigaji ambayo Latham na Paterson waliyafasiri kwa Kiingereza mwaka 1970. Mila hizi mbili hazikufanana katika kila jambo, lakini zote mbili zilianzia kwenye mwili kabla ya kufika kwenye shabaha.

Mpigaji husimama ubavu ukielekea shabaha, miguu imeachana kwa kadiri ya mabega. Mkono wa upinde hunyooshwa bila kukazwa kiwiko, na bega lake hubaki chini. Upote huvutwa kwa misuli ya mgongo, mabapa ya mabega yakikaribiana, hata mkono wa mvuto ufike kwenye kikomo maalumu: kidevuni, pembeni mwa mdomo, sikioni au kifuani, kulingana na mila. Kikomo hicho ni muhimu kuliko mahali penyewe kilipo. Mpigaji asiye na kikomo ana mvuto tofauti kila mara, na mishale yake itatua juu leo na chini kesho hata kama jicho lake ni zuri.

Mvuto uliozidi hutambulikana kwa urahisi. Mpigaji huegemea nyuma, bega la mbele hupanda, kichwa hukimbilia upote, na upote humchapa kigangani. Mvuto uliopungua nao una dalili zake: kiwiko cha nyuma hubaki nje ya mstari wa mshale, na kazi yote hufanywa na mkono, hivyo huchoka na kutetemeka. Njia ya kuupata mvuto wa kweli ni ya subira. Mwanafunzi hupewa upinde mwepesi na mshale mrefu. Huvuta mara nyingi hadi kwenye kikomo chake huku macho yakiwa yamefumbwa, kisha hurudisha upote taratibu bila kuachilia, na mwenziwe huweka alama kwenye wano mahali linapopita upinde. Alama zikianza kuangukiana, mwili umekwisha kusema.

Namna vidole vinavyoshika upote ni sehemu ya mkao huohuo. Edward Morse, Mmarekani aliyefundisha Japani, aliainisha mwaka 1885 namna za ushikaji, kuanzia kubana mshale kwa kidole gumba na cha shahada, hadi kuvuta upote kwa vidole vitatu au kwa gumba. Kubana huwezesha upinde mwepesi tu, kwa kuwa mshale huponyoka nguvu inapozidi.

Hata hivyo, usahihi wa mvuto hauwezi kutengwa na kazi. Wasan wa kusini mwa Afrika walitumia pinde nyepesi na mvuto mfupi, kwa kuwa sumu ndiyo iliyoua na mshale ulihitaji kupenya ngozi tu. Waliangulu wa mashariki mwa Kenya walitumia sumu ya msunguti pia, lakini kwa kuwa waliwinda tembo pinde zao zilikuwa miongoni mwa pinde ngumu kabisa zinazojulikana Afrika. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao James Woodburn alichapisha maelezo ya vyombo vyao mwaka 1970, wana pinde ngumu na wanazitumia hadi leo. Mvuto sahihi ni ule unaolingana na mwili, mti na kazi kwa pamoja.

6.0 Bunduki, sheria na maneno yaliyobaki

Bunduki ilipokuja ilikuta msamiati uliokwisha kukomaa, ikachukua ulichofaa. Kulenga kulikuwa kwa mshale, kukawa kwa risasi. Kufyatua, neno la mtego, likawa neno la bunduki. Katika Kirundi na Kinyarwanda, kurasa kulihama kutoka mshale hadi risasi bila kubadilika hata herufi moja. Shabaha, neno lenye asili ya Kiarabu, likatumika kwa silaha zote. Mtoto wa Ngara au Biharamulo anayezungumza Kiswahili leo anayo maneno haya yote, pengine bila kujua kwamba baadhi yake ni ya zamani kuliko bunduki.

Lakini bunduki haivutwi kwa mgongo. Nguvu yake imo katika baruti, na haimuulizi mpigaji urefu wa mikono yake. Kwa hiyo maneno ya mvuto hayakuwa na pa kuhamia. Podo, upote na wano yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, lakini ni wachache miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili wanaoweza kuyaeleza bila kufungua kitabu. Uta umebaki katika mashairi, na katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952. Kilichopotea hakikupotea kwa kubahatisha. Msamiati uligawanyika pale hasa ambapo mashine ilichukua kazi ya mwili.

Sheria nazo zilifunga darasa ambamo ujuzi huo ulifundishwa. Kanuni za uwindaji za Wajerumani za mwaka 1896, sheria za Waingereza za mwaka 1921 na 1951, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ziliufanya uwindaji bila kibali kuwa kosa. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Uhifadhi una sababu zake, na mhadhara huu hauzipingi. Unasema tu kwamba tendo likikoma, kitenzi chake hubaki bila mwalimu.

7.0 Istilahi na wajibu wa watafiti

Upigaji wa upinde ulirudi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1972, na lugha za dunia zinauzungumzia kila baada ya miaka minne. Kiswahili kikihitaji istilahi zake, kishawishi ni kukopa za Kiingereza na kuzibandika viambishi. Mhadhara huu unapendekeza njia nyingine: mvuto kwa tendo lenyewe, urefu wa mvuto, ukali wa mvuto, kikomo cha mvuto, mwachio na mkao. Upote, wano na podo yarudishwe kazini, kwa kuwa hayajafa, yamelala tu. Inaweza kupingwa kwamba mvuto ni neno la fizikia na la mapenzi. Hilo ni kweli, lakini istilahi huishi ndani ya uwanja wake, na atakayesema urefu wa mvuto akiwa na upinde mkononi hatadhaniwa kuwa anazungumzia sayari.

Kazi ya pili ni ya haraka zaidi. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 umetoa misamiati ya lugha nyingi, pamoja na atlasi ya mwaka 2009. Misamiati ya namna hii kwa kawaida hukusanywa kwa orodha: upinde unaitwaje, mshale unaitwaje. Orodha huleta nomino. Haileti kitenzi cha kurudisha upote taratibu bila kuachilia, wala neno la kumkanya kijana anayepandisha bega. Maneno hayo hutoka kinywani pale tu chombo kinapokuwa mkononi na mwanafunzi anapokosea mbele ya mwalimu. Mtafiti aendaye Bugufi au Busubi achukue upinde pamoja na daftari, amwombe mzee amfundishe kuvuta, na aandike kila anachokemewa.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba uta, upinde na umuheto ni majina yanayotoka katika historia moja ya Kibantu, na kwamba mawili kati yake yameutaja upinde kwa tendo la mwili. Imeonekana pia kwamba kanuni ya leo ya urefu wa mvuto inaweza kusemwa kikamilifu kwa pima, mkono, shibiri na vidole, bila kuazima chochote. Mwisho, imeonekana kwamba kuingia kwa bunduki hakukufuta msamiati wote, bali kulikata sehemu moja tu, ile iliyomhitaji mtu ajijue mwili wake.

Wazee waliojifunza kuvuta upinde utotoni mwao, katika vilima vya Ngara na pembezoni mwa mapori ya Biharamulo, wanazidi kupungua kila mwaka. Pinde zao zinaweza kuhifadhiwa katika makumbusho, na mishale yao inaweza kupimwa. Vitenzi vyao havina pa kuhifadhiwa isipokuwa katika midomo yao na katika madaftari ya watakaowahi kuwasikiliza.